Kuvua Sare na Kuhamia Makurunge: Mwongozo kwa Askari Anayekaribia Kustaafu

Askari aliyetumikia Jeshi la Wananchi miaka ishirini na zaidi, akalala na kuamka kwa mlio wa tarumbeta, akavaa alichopewa na kwenda alikotumwa, hutoka kambini na maarifa mengi ambayo raia wa kawaida hana: ustahimilivu, usafi, utunzaji wa vyombo, na moyo wa kutomtupa mwenziwe. Fani moja tu kambi haimfundishi, nayo ni kusubiri jambo lisilo na amri. Jeshini neno likitoka juu hutendeka kabla jua halijatua. Uraiani, na hasa katika pwani hii iliyo kati ya Ruvu na Wami, neno hutolewa, likajadiliwa barazani, likalazwa, likaamshwa, likapelekwa kwa mjomba aliyeko Kiwangwa, likarudi na sharti jipya, na huenda lisitendeke mpaka masika yapite. Mstaafu asiyelijua hilo huyaona yote kuwa ni uzembe wa watu, akaingiwa na hamaki, akaichukua mali yake yote na kuitia katika kazi ya haraka. Na mwaka haujapinduka, mali imekwisha na kazi haijaonekana. Maneno haya ni kwa ajili yako wewe uliyebakiwa na miaka miwili au mitatu ya utumishi, ambaye umeazimia kuishi Makurunge au ujirani wake, ama kwa kuwa ndiko ulikozaliwa, ama kwa kuwa umesikia kwamba ardhi ya huko ni pana na kwamba barabara ya kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge na Saadani hadi Pangani na Tanga inafungua nchi.

Wewe si wa kwanza kuvua sare katika pwani hii. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliifanya Bagamoyo ngome yake alipokuwa akipigana na Bushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, na askari wake aliwachukua Misri na Msumbiji, watu ambao vita vilipokwisha wengi wao hawakurudi kwao bali walikaa, wakaoa, wakawa wenyeji. Mmoja wa waliotoka Msumbiji aliitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Wajerumani katika vita vya kwanza vya dunia, na baada ya kushindwa kwao hakujitia katika jambo kubwa papo kwa papo: aliajiriwa katika reli akakaa humo miaka mingi, mwaka 1929 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Waafrika mjini Dar es Salaam, na ndipo baadaye biashara yake mwenyewe iliposimama. Wanawe, Abdulwahid na Ally, walikwenda Burma na King's African Rifles katika vita vya pili, wakarudi, na mwaka 1954 walikuwamo katika kuanzishwa kwa TANU. Nimeutaja ukoo huu wa askari wa baba kwa mwana si kwa sababu kila mstaafu anatazamiwa kuanzisha chama cha siasa, hasha, bali kwa sababu maisha yao ya pili yalijengwa taratibu juu ya mshahara mdogo na juu ya watu waliowafahamu.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazochukua muda mrefu kuliko yote na ndizo askari huzidharau kuliko yote. Iko hadithi inayosimuliwa sana ya askari wazee wa Mjerumani ambao mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa haki yao iliyokaa tangu vita vya kwanza. Yasimuliwa kwamba mjumbe alikuja Mwanza na fedha, wakajitokeza wakongwe mamia, lakini wenye vyeti vya mwaka 1918 walikuwa akali ya watu. Basi mjumbe akampa kila asiye na cheti fimbo ya ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani atumie silaha, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Ni hadithi tamu, na huenda imetiwa chumvi njiani, walakini wewe usitegemee ufagio. Ofisi za siku hizi hazimpimi mtu kwa namna anavyobeba bunduki begani; zinamtaka jina lake lilingane, herufi kwa herufi, katika kumbukumbu za jeshi, katika kitambulisho cha Taifa cha NIDA, katika akaunti ya benki, na katika vyeti vya kuzaliwa vya watoto vinavyotolewa na RITA. Aliyeandikishwa jeshini kwa jina la Juma Salehe, akajiandikisha NIDA kwa jina la Jumaa Swalehe, na cheti cha mtoto kikasomeka Juma Saleh, ana watu watatu wa kuwapatanisha, na kila upatanisho una hati ya kiapo mbele ya wakili na safari za kwenda na kurudi. Fanya kazi hiyo ungali kambini, penye karani anayekujua na jalada lako lililo karibu, wala usingoje uwe Makurunge ambako kila safari ya mjini ni nauli.

Katika karatasi hizo hizo ingiza habari za mwili wako. Askari aghalabu huona aibu kwenda kwa tabibu, akauficha mgongo ulioumia katika mazoezi, sikio lililopungua kusikia kwa ajili ya mizinga, au goti lililovimba tangu Kivu ya Kaskazini, kisha akastaafu jalada lake likiwa halina doa. Siku maradhi yanapomlaza kitandani hana ushahidi wa kwamba aliyapata kazini. Kapimwe kabla ya kuondoka, katika zahanati ya kikosi au katika Hospitali Kuu ya Jeshi ya Lugalo, na kila kinachoonekana kiandikwe na nakala ubaki nayo. Orodha ya wategemezi wako nayo isomwe upya: mke aliyeachwa miaka kumi iliyopita yumo bado, na mtoto aliyezaliwa baada yake hayumo. Ikiwa u Mwislamu, kumbuka pia kwamba wasia wako haupiti thuluthi ya mali wala haumwendei mrithi, kwa hiyo usimwahidi mtu nyumba kwa mdomo ukadhani umemfaa.

Kuhusu ujuzi nitasema machache. Dereva wa malori ya jeshi, fundi mitambo, fundi umeme, mpishi wa messi na mwashi, wote hawa wana amali mikononi, lakini raia wa kuwaajiri huuliza cheti. Chuo cha VETA kina utaratibu wa kuutambua na kuurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila ya kukaa darasani. Mhusika hupimwa, upungufu wake hujazwa kwa mafunzo mafupi, kisha hupewa cheti. Dereva naye ahakikishe kwamba leseni yake ya kiraia ina daraja linalolingana na magari aliyoyaendesha. Kiwanda cha sukari kilichojengwa Makurunge na kundi la Bakhresa, pamoja na mashamba yake ya miwa, kinahitaji watu wa matrekta, wa pampu za maji na wa karakana, na mstaafu mwenye cheti mkononi anayeomba kazi ya mshahara wa wastani kwa mwaka mmoja au miwili anajinunulia jambo adhimu zaidi ya mshahara, yaani fursa ya kuitazama nchi kwa macho yake kabla ya kuinunua. Kazi ya ulinzi utaipata bila ya kuitafuta. Ichukue ukiihitaji, lakini usidhani kwamba ndiyo pekee unayoiweza.

Sasa fedha. Kiinua mgongo humfikia mtu katika saa mbaya kuliko zote, yaani saa ambayo mshahara umekatika, moyo una majonzi ya kuagana na wenziwe, jamaa wamesikia, na yeye mwenyewe katika maisha yake yote hajapata kushika hata robo ya fedha hizo kwa mara moja. Ni ajabu gani basi zikipotea? Kabla hazijatoka, utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi, anayelijua jina lako, namba yako na kikosi chako, atakayekuambia kwamba faili lako limekwama na kwamba kiasi kidogo cha fedha kitalisukuma. Huyo ni tapeli, hata kama anajua jina la kamanda wako, na dawa yake ni kukata simu na kwenda ofisini kwa miguu yako. Zikishatoka, atakuja wa pili, huyu ni mtu unayemfahamu, pengine mliswali pamoja au mliimba kwaya moja, naye atakuonyesha namna laki moja inavyozaa laki mbili na nusu kwa miezi michache. Wakumbuke waliojiunga na DECI, upatu ambao serikali iliuvunja mwaka 2009 huku maelfu ya watu wameweka humo akiba zao, wengine wakiwa wamekopa ili “wapande mbegu”, kama walivyoita michango yao. Wa tatu ni mkopeshaji. Kwa kuwa pensheni yako ni mapato ya hakika, kila mwenye kutoa mikopo ya kausha damu atakuona wewe ni mteja mwema, na kadi yako ya benki ataitaka iwe rehani mfukoni mwake.

Ushauri wangu katika jambo hili hauna uzuri wowote wa kusisimua. Siku fedha zinapoingia, lipa madeni yako yote na karo ya watoto ya mwaka mmoja, kisha zilizobaki ziweke mahali ambapo kuzitoa kuna udhia. Zipo hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo hutoa faida kila baada ya miezi sita. Vipo vipande vya mifuko ya UTT, kuanzia Mfuko wa Umoja ulioanzishwa mwaka 2005, ambavyo huuzwa mtu anapovihitaji. Na mwenye kujiepusha na riba kwa ajili ya dini yake, kama walivyo wengi katika pwani hii, anaweza kuwekeza kwa kanuni za sharia katika benki kama Amana, iliyofungua milango mwaka 2011. Hizo zikishafungiwa, ishi kwa pensheni peke yake miezi kumi na miwili. Ikiwa haitoshi, ni heri ulijue hilo mapema ungali na akiba, ukapunguza matumizi au ukatafuta kibarua, kuliko kulijua akiba imekwisha. Jamaa nao watengee fungu dogo maalumu, ulitaje kwa mkeo tu, na likiisha useme limeisha. Maana mtu wa kwetu hawezi kumnyima shangazi aliyekuja na kikapu cha maembe, wala si vizuri amnyime, lakini aweza kuamua mapema shangazi wangapi atawafaa katika mwaka. Na wale wanaopanga kuongeza mke kwa kiinua mgongo, desturi iliyozoeleka kuliko inavyosemwa, nawaomba waisome aya hii mara ya pili kabla ya kupeleka posa.

Nchi ya Makurunge huvutia kwa upana wake, na hapo ndipo penye mashaka makubwa. Mgeni huona pori lililo wazi akadhani halina mwenyewe, ilhali karibu kila kipande kina historia ya madai juu ya madai. Sehemu kubwa ilikuwa ya RAZABA, Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, ambayo ilipofungwa watu walihamia humo wakalima na kufuga. Baadaye ikatengwa kwa mradi wa sukari wa kampuni ya Sweden ambao haukutimia, na kesi za waliokaa humo zikaendelea kwa miaka. Hatimaye baadhi ya eneo hilo likawa mashamba ya miwa ya kiwanda nilichokitaja. Upande wa kaskazini iko Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo mipaka yake haihamishwi kwa karatasi ya mauziano. Kandokando ya bahari iko mikoko, mali ya hifadhi ya msitu, isiyokatwa bila kibali. Tena tangu mwaka 2013, ziliposikika habari za bandari kubwa ya Mbegani, madalali wa Dar es Salaam wameipanda pwani yote vigingi, na shamba moja limeuzwa kwa watu watatu, kila mmoja akiwa na karatasi yenye muhuri.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza kwanza ardhi hiyo ni ya namna gani, maana sheria za mwaka 1999 zimeigawa ardhi ya Tanzania katika ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na kila moja ina mlango wake. Ikiwa ni ya kijiji, dalali hana mamlaka nayo wala mwenyekiti peke yake hana. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia kwa idhini ya mkutano mkuu, na hata hiyo haiwezi kumpa mtu zaidi ya ekari 50. Omba kuona muhtasari wa kikao kilichokubali ugawaji au uuzaji, ukasome majina ya waliohudhuria, kisha uende kwa wawili watatu miongoni mwao uwaulize kama kweli walihudhuria. Tembea mipaka yote minne kwa miguu ukiwa na majirani wa kila upande, wala si na muuzaji peke yake, na yule jirani asiyetaka kutembea nawe mpe nafasi ya kusema kwa nini. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, Bagamoyo mjini, ukaulize kama eneo limo katika ramani ya mradi wowote. Yote yakiwa salama, dai Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na uiandikishe kwa majina yako na ya mwenzi wako. Sheria ya ardhi ya vijiji imempa mwanamke haki sawa na mwanamume, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa askari mwenyewe ni mwanamke, asikubali kuambiwa kwamba ni afadhali jina la kaka litangulie kwa sababu anajulikana kijijini.

Tena nasisitiza jambo ambalo wengi hulipuuza: usinunue kabla hujaiona nchi hiyo katika masika na katika kiangazi. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo yatakayokuonyesha Ruvu inapofika ikifurika, na wazee watakuonyesha maji yalipofika wakati wa El Niño ya 1997 na 1998; kiangazi kitakuonyesha kisima kinachokauka, njia ya ng'ombe wanaotafuta maji, na ngiri na tembo wanaotoka hifadhini. Muuzaji atakuhimiza na kukuambia kwamba yuko mtu mwingine anayeitaka. Mwache aichukue. Huko Uganda, kati ya mwaka 1992 na 1995, zaidi ya askari 36,000 walipunguzwa jeshini, wakapewa mabati, majembe, mbegu na fedha za kuanzia. Mchumi wa Uingereza, Paul Collier, aliyechunguza habari zao, alikuta kwamba asiyekuwa na ardhi ya kulima ndiye aliyeelekea zaidi kuingia katika uhalifu. Ardhi ni kinga, lakini ardhi yenye kesi si ardhi. Ni ajira ya wakili.

Ukishakuwa na shamba, kumbuka kwamba miti haipigi saluti. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa katika mwaka wa sita au wa saba, mkorosho katika mwaka wa tatu au wa nne, na nanasi la Kiwangwa, ambalo watu hulitaja kama zao la upesi, lataka takriban mwaka na nusu. Kama shamba unalo tayari, panda hiyo yote ukiwa bado kazini, kupitia kwa ndugu mwaminifu na kwa likizo zako, ili siku ya kustaafu ikukute miti ina umri. Na nafasi za katikati zitie muhogo na kunde za chakula. Mpunga wa mabondeni una faida nzuri mwaka maji yanapokuja kwa kiasi. Bahari nayo humvutia mstaafu, hasa anaponunua boti na mashine akiamini kwamba mabaharia watamletea fedha jioni. Lakini mavuno hugawanywa baina ya chombo, nyavu na watu baada ya kutoa mafuta na chakula, na mwenye chombo asiyejua kusi wala kaskazi, asiyekuwapo ufukweni samaki wanaponadiwa, hupata fungu ambalo nahodha ameona vema kumpa. Ama uwe na mtoto au ndugu wa damu chomboni, ama uiache bahari kwa wenyewe.

Nyumbani kuna kazi ngumu kuliko ya shamba. Mkeo ameiendesha nyumba bila yako katika vipindi vya uhamisho, kozi na operesheni. Ameozesha, amezika, amepatana na mwenye duka la mikopo, na anajua mwalimu yupi humwonea mtoto yupi. Ukiingia na kupanga upya saa za kula, mahali pa kuweka ndoo na namna ya kukunja mashuka, hutakuwa umeleta nidhamu. Utakuwa umempindua kiongozi halali. Kaa kwa miezi ya mwanzo kama mgeni mwenye kuheshimika: uliza, pokea unachopewa, chukua kazi moja isiyo na mwenyewe, mfano kuteka maji au kumpeleka mdogo shule, ukaifanye kila siku bila kukosa. Watoto wa kiume waliobaleghe usiwafokee kwa sauti ya uwanjani mbele ya wenzao.

Liko na jambo la usiku. Aliyekuwapo Darfur, au Semuliki tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu 14 walipouawa na waasi, au aliyewapokea majeruhi tu, huenda akashtuka usingizini, akatokwa jasho, akaogopa kelele za fataki za harusi, au akawa mkali bila sababu. Pwani hii watu watakuambia kuwa ni jini, na dua za shehe au maombi ya kasisi zaweza kukupa utulivu wa kweli. Zichukue, lakini pia nenda hospitali ya wilaya ukamweleze tabibu habari yote kama ilivyo, naye akupeleke Muhimbili ikilazimu, kwa kuwa maradhi haya yana tiba na si upungufu wa ushujaa. Mwambie mkeo unachokiota, hata kwa maneno machache. Pombe huyafanya yawe mabaya zaidi. Wenzako wa kikosi nao usiwaache. Katika Muungano wa Wanajeshi Wastaafu, MUWAWATA, na katika kumbukumbu ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai, utakutana na watu ambao huhitaji kuwaeleza tangu mwanzo.

Imebaki namna ya kukaa na wanakijiji. Sare rudisha yote, wala usivae hata suruali ya mabaka shambani, kwa kuwa raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa na wewe u raia. Cheo chako watu watakitaja kwa muda, watakuita afande au meja, na hapana ubaya; ila uwe tayari kwa mtani wako. Ikiwa wewe ni Mnyamwezi uliyehamia kwa Wazaramo na Wakwere, utani uliokuwapo tangu zama za misafara ya pembe utakufuata mpaka msibani, na atakuja mtu asiye na viatu akuvue kofia mbele ya umma akiiita ya kuibiwa. Cheka, umrudishie. Atakayenuna hapo ataachwa na baraka zake zote, na hakuna atakayemwambia shamba lipi lina kesi.

Halafu, pengine kabla hujamaliza kupaua, watakuja wazee kukuomba uongoze ulinzi shirikishi au uwe mwamuzi baina ya wakulima na wafugaji waliogombana juu ya ng'ombe waliokula mpunga. Ni heshima, na ni mtego usiokusudiwa, kwani hujui bado ni nani alimwoza nani, ni shamba la nani lililowahi kuwa njia ya maji ya mifugo, wala ni mzee gani kati ya hao waliokuja ana ng'ombe zizini kwa mwingine. Waombe radhi kwa adabu, uwaambie kwamba utafurahi kuwafundisha vijana ukakamavu na zamu za usiku chini ya kamanda waliye naye sasa, na kwamba habari ya uamuzi waitoe tena msimu ujao. Kwenye kikao cha mpunga na ng'ombe nenda, ukae nyuma karibu na mlango, usikilize mpaka mwisho, na siku ya pili upite kwa yule aliyeshindwa ukamjulie hali.